Khan Kijana na Uhuru Ulioandikwa na Jirani: Shahin Giray wa Krimea, 1777–1783

Bwana Mwenyekiti, waheshimiwa walimu, wanafunzi wa historia, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya mtawala ambaye jina lake halisikiki sana katika madarasa yetu, na ambaye huko kwao hutajwa zaidi kwa lawama kuliko kwa heshima. Huyo ni Shahin Giray, khan wa mwisho wa Watatari wa Krimea. Alikalia kiti cha enzi mwaka 1777 akiwa na umri wa miaka 32, akakipoteza mwaka 1783, na katika kipindi chote hicho jeshi la jirani yake, Malkia Catherine II wa Urusi, lilikuwa ama ndani ya nchi yake ama mlangoni pake. Wengi humhesabu kuwa kibaraka na kuishia hapo. Mimi hukumu hiyo hainiridhishi. Shahin Giray alikuwa na dhamira yake mwenyewe, tena dhamira kubwa: alitaka Krimea iwe dola yenye hazina, jeshi la kudumu na serikali iliyopangika, isiyopokea amri kutoka Istanbul wala kutoka St Petersburg. Kilichomwangamiza ni kwamba kila hatua ya kuitimiza dhamira hiyo ilimlazimu kuazima nguvu za mtu ambaye dhamira yake ilikuwa nyingine kabisa.

Nianze na nchi yenyewe. Rasi ya Krimea imejitokeza ndani ya Bahari Nyeusi kutoka upande wa kaskazini, nayo imeshikana na bara kwa ukanda mwembamba wa ardhi uitwao Perekop. Milki ya makhan haikuishia hapo. Nje ya Perekop walitanda Wanogai, wafugaji wa kuhamahama, kuanzia nyika za karibu na mto Danube hadi mto Kuban chini ya milima ya Kaukazi. Ukoo wa Giray, wenye nasaba ya Genghis Khan, ulitawala huko tangu karne ya 15. Mwaka 1475 Waosmani waliitwaa bandari ya Kefe, iliyoko Krimea, kutoka kwa Wagenoa wa Italia, na baada ya muda mfupi khan akawa chini ya himaya ya sultani wa Istanbul. Himaya hiyo ilimwachia mengi. Khan alipiga sarafu kwa jina lake, alikuwa na jeshi lake na baraza lake, na koo kubwa za makabaila, zikiongozwa na ukoo wa Shirin, zilikuwa na sauti nzito katika kumpata mtawala. Hata hivyo sultani ndiye aliyemthibitisha, na kadiri karne zilivyopita sultani ndiye aliyemwondoa alipomchoka.

Kwa muda mrefu nguvu ilikuwa upande wa khan, si upande wa Moscow. Mwaka 1571 wapanda farasi wa Devlet Giray wa Kwanza waliichoma Moscow, na watawala wa Urusi waliendelea kupeleka Krimea malipo ya kila mwaka, waliyoyaita zawadi, hadi mkataba wa mwaka 1700 ulipoyakomesha. Na hapa lazima niseme jambo ambalo watetezi wa Krimea wakati mwingine hulipitia haraka: sehemu kubwa ya utajiri wa nchi hiyo ilitokana na uvamizi wa vijiji vya Ukraine, Poland na Urusi, ambako watu walitekwa kwa maelfu na kuuzwa katika soko la watumwa la Kefe. Hofu ya Warusi kwa jirani huyo haikuwa ya kubuni. Kufikia enzi ya Catherine, hata hivyo, mizani ilikuwa imekwisha kupinduka. Urusi ilikuwa na mizinga, ngome na askari wa miguu waliofunzwa, na ilitaka bandari katika bahari isiyoganda. Krimea ilibaki na farasi wale wale na makabaila wale wale.

Vita kati ya Waosmani na Warusi vilizuka mwaka 1768. Mwaka 1771 jeshi la Mwanamfalme Dolgorukov lilivuka Perekop na kuitwaa rasi yote katika muda wa wiki chache. Khan aliyekuwapo alikimbia, na makabaila wakamchagua Sahib Giray kuwa khan mpya, huku Shahin akipewa cheo cha kalga, yaani mtu wa pili katika dola. Huo ndio wakati kijana wetu anapoingia katika historia, na inafaa tumtazame kwa karibu.

Alizaliwa mwaka 1745 mjini Edirne, ndani ya milki ya Osmani, kwa kuwa watu wengi wa ukoo wa Giray waliishi uhamishoni wakisubiri zamu zao. Alisoma Thessaloniki na Venice, akajua Kiitaliano na Kigiriki pamoja na lugha za dini na za dola yake. Baba yake mdogo, Kirim Giray, alipokuwa khan, alimwita arudi na kumpa uongozi miongoni mwa Wanogai. Kwa hiyo ndani ya mtu mmoja kulikuwa na mambo mawili ambayo ni nadra kukutana: alikuwa ameziona serikali za Ulaya kwa macho yake, na alikuwa amewahi kuishi katika mahema ya nyikani akitafuta utii wa watu wasiozoea kutii. Alikuwa ameona jinsi Venice, mji mdogo usio na ardhi kubwa, ulivyoweza kuishi karne nyingi kati ya mataifa makubwa kwa hazina, wanamaji na diplomasia. Sidhani kama mtu anaweza kuielewa mipango yake ya baadaye bila kuukumbuka ujana huo.

Mwishoni mwa mwaka 1771 alitumwa St Petersburg kuongoza ujumbe wa Watatari. Kabla hata ya kuonana na malkia palizuka ubishi juu ya kofia. Kanuni ya ikulu ilimtaka mgeni avue kofia mbele ya malkia. Shahin alikataa, kwa kuwa kwa Mwislamu wa desturi yake kuvua kilemba au kofia mbele ya watu ni fedheha. Jambo hilo lilifika hadi katika baraza la malkia. Suluhisho lilikuwa la ujanja: malkia aliwatunukia Watatari kofia kama zawadi, ikitangazwa kwamba kwa hisani yake wao sasa wanaruhusiwa kubaki na kofia vichwani. Kila upande ulitoka umeridhika. Shahin hakuvua kofia, na malkia alikuwa ameigeuza haki ya mgeni wake kuwa kibali chake yeye. Nalikumbuka tukio hilo kila ninaposoma mikataba iliyofuata, maana mwendo ni ule ule.

Mjini humo alipendwa. Catherine alimwandikia Voltaire, mwanafalsafa wa Kifaransa, akimsifu kijana wa Kitatari mzuri wa sura na mpole, anayetunga mashairi, anayetaka kuona kila kitu na kujifunza kila kitu. Alikuwa akienda kwenye michezo ya kuigiza na kuwatazama wasichana wa shule ya Smolny wakicheza dansi. Alikopa fedha na kuishi juu ya uwezo wake, na serikali ya Urusi ikamlipia. Waliomwona wakadhani wamempata mtu wao. Naye, kwa maoni yangu, alidhani amepata alichohitaji: dola kubwa itakayomwondoa sultani juu ya kichwa chake na kisha kumwacha aendelee na kazi.

Novemba 1772, huko Karasubazar, mji wa Krimea, Sahib Giray alitia saini mkataba wa urafiki na Urusi uliotangaza kwamba Krimea ni huru. Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Julai 1774, Waosmani walioshindwa walitia saini mkataba wa Küçük Kaynarca, katika nchi ambayo leo ni Bulgaria. Naomba ruhusa yenu nikae kidogo kwenye kifungu cha tatu cha mkataba huu, kwa sababu hatima ya Shahin Giray imo ndani yake.

Kifungu hicho kilisema kwamba Watatari wa Krimea, wa Bujak, wa Kuban na wengineo ni watu huru wasiokuwa chini ya dola yoyote ya kigeni, na kwamba watatawaliwa na khan wao wenyewe wa nasaba ya Genghis Khan, watakayemchagua bila kuingiliwa na Urusi wala na Waosmani. Papo hapo kikaongeza kwamba katika mambo ya dini, kwa kuwa Watatari ni Waislamu wenzake, sultani akiwa khalifa ataendelea kuwa kiongozi wao kwa mujibu wa sharia, ili mradi uhuru wao wa kisiasa usiguswe. Kwa Warusi waliouandika, maneno hayo yalionekana kama kumwachia mshinde kipande kidogo cha heshima. Kwa Mwislamu wa Krimea hali ilikuwa tofauti. Jina la nani litatajwa kwenye khutba ya Ijumaa? Kadhi anayehukumu mirathi, ndoa na viwanja anapata idhini yake kwa nani? Na khan ambaye hakuthibitishwa na khalifa, je, ni halali kumtii? Kwetu sisi tulioishi na misikiti na makadhi si vigumu kuelewa kwamba maswali haya hayatenganishiki na siasa. Mkataba uliwapa watu uhuru kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine ukaacha mlango wazi ambao kila upande ungeupitia ukitaka kuingilia.

Kulikuwa pia na vifungu vilivyosemwa kwa sauti ya chini. Urusi ilibaki na ngome za Kerch na Yenikale, kwenye mlango wa bahari unaotenganisha Krimea na Kaukazi, pamoja na Kinburn kwenye lango la mto Dnieper. Nchi ikatangazwa huru ilhali funguo za milango yake ziko mfukoni mwa jirani. Na la kushangaza zaidi ni kwamba wenyewe waliopewa uhuru hawakuuomba. Baada ya mkataba kutangazwa, wajumbe wa makabaila na maulamaa walikwenda Istanbul kumsihi Sultani Abdülhamid wa Kwanza awarudishe chini ya himaya yake. Sultani hakuwa na nguvu ya kuvunja aliyoyatia saini.

Sitasimulia kwa kirefu misukosuko ya miaka mitatu iliyofuata. Mwaka 1775 Sahib Giray aliondolewa na Devlet Giray wa Nne, aliyetaka kurudi kwa sultani. Shahin alikuwa upande wa Kuban akijenga nguvu miongoni mwa Wanogai kwa fedha na ulinzi wa Urusi. Mwishoni mwa mwaka 1776 jeshi la Urusi lilivuka tena Perekop, likidai kwamba linautetea uhuru wa Krimea. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1777 Devlet aliondoka kwenda Istanbul, na makabaila, wakiwa wamezungukwa na askari wa kigeni, wakamchagua Shahin. Uchaguzi ulifuata taratibu zote za kale. Hakuna aliyekosa kujua nani ameupanga.

Sasa tazameni alichofanya mara tu alipoketi. Kama angekuwa mtu wa kutosheka na cheo, angekaa katika ikulu ya Bakhchisaray, mji mkuu wa makhan, na kula posho yake. Badala yake alianza kubomoa mpangilio wote uliowafanya makhan waliomtangulia kuwa dhaifu. Alitaka ukhan uwe wa kurithiwa, usiwe tena zawadi ya makabaila. Alitaka viongozi walipwe mishahara na hazina badala ya kuishi kwa mapato ya ardhi zao. Aliupanga upya ukusanyaji wa kodi na ushuru wa forodha, na mapato ya maziwa ya chumvi yaliyokuwa na thamani kubwa karibu na Perekop. Alianza kuandikisha jeshi la kudumu la mtindo wa Ulaya, ambalo lingemtii yeye na si wakuu wa koo. Alitaka Wakristo wa nchi yake, Wagiriki na Waarmenia, wawe na hadhi moja na Waislamu mbele ya serikali na hazina. Akageuza macho kuelekea Kefe, ule mji wa bandari ambao kwa karne tatu ulikuwa mali ya sultani na si ya khan, akaufanya makao yake ili dola ielekee baharini na biashara.

Ukiiandika mipango hii kwenye karatasi huwezi kumlaumu. Mingi ilihitajika, na mingine ilikuwa imechelewa kwa miaka mia. Lakini kila mpango ulimgusa mtu mwenye nguvu. Kabaila aliona ardhi na heshima yake vinaondoka. Wakuu wa dini waliona khan asiye na baraka ya khalifa akipanga upya nchi ya Kiislamu. Mwanakijiji aliona mtoto wake anaandikishwa jeshini na kuvalishwa mavazi yanayofanana na ya adui. Mtawala mwingine angeweza kuwashinda polepole, kwa kugawanya na kupatanisha, kuwapa hawa leo na kuwanyima wale kesho. Shahin hakuwa na subira hiyo, wala hakuona sababu ya kuwa nayo, maana nyuma yake palikuwa na jeshi la Urusi. Hapa ndipo ninapoona madhara makubwa kuliko yote ya ulinzi wa jirani mwenye nguvu. Ulimwondolea khan haja ya kukubaliwa na watu wake, hadi akashindwa kujua ni lini hasa amewapoteza.

Alijua Oktoba 1777. Nchi ililipuka kwa maasi, na sehemu ya jeshi lake jipya, lile alilolitegemea kuwa msingi wa dola mpya, likageuza silaha dhidi yake. Waosmani walimtuma mpinzani wa ukoo wake aje kuwaongoza waasi. Mapigano yaliendelea hadi mwanzoni mwa mwaka 1778, na waliomrudishia kiti chake ni Warusi, kwa umwagaji damu ambao nchi haikuusahau.

Mabibi na mabwana, kama kuna jambo moja linalothibitisha kwamba Shahin Giray hakuwa kibaraka aliyeridhika, ni lile lililotokea katika majira ya joto ya mwaka huo wa 1778. Serikali ya Catherine iliamua kuwahamisha Wakristo wote wa Krimea na kuwapeleka kwenye ardhi ya Urusi kaskazini ya Bahari ya Azov. Kazi hiyo alipewa Jenerali Alexander Suvorov, akisaidiwa na Askofu Mkuu Ignatius wa Wagiriki. Wakristo hao walielezwa kuwa wanaokolewa na hatari ya Waislamu. Zaidi ya watu 31,000 waliondoka wakiwa na mikokoteni, mifugo na sanamu za makanisa yao. Wagiriki walifikia Mariupol. Waarmenia walianzisha Nakhichevan kando ya mto Don, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Rostov. Wengi walikufa kwa baridi na magonjwa kabla hawajapata paa la kulalia.

Fikirini hao walikuwa ni nani katika uchumi wa Krimea. Walikuwa mafundi wa shaba na ngozi, wafanyabiashara wa bandarini, wakulima wa mizabibu na bustani za matunda. Ndio waliolipa fedha taslimu katika hazina ambayo Shahin alikuwa akiijenga kwa taabu. Ndio pia raia aliokuwa ametangaza kwamba watakuwa sawa na wengine. Na walioondolewa, waliondolewa na rafiki yake, bila ridhaa yake, chini ya pua yake. Khan alikasirika mno. Aliihama ikulu akaenda kupiga mahema nje ya mji, akakataa kumwona Suvorov. Alipelekewa fidia ya fedha. Ninavyoliona mimi, baada ya hapo hakuna mtu aliyefikiri kwa makini ambaye angeweza kuamini kwamba Urusi inataka dola imara ya Kitatari. Dola imara inahitaji walipa kodi, na jirani alikuwa amewabeba.

Mwezi Machi 1779, mjini Istanbul, katika ikulu ya Aynalıkavak, Warusi na Waosmani walikubaliana tena: askari wa Urusi waondoke rasini, na sultani amtambue Shahin kuwa khan na kumpa idhini ya kidini kama khalifa. Ikaja miaka michache ya utulivu, na khan aliitumia. Alama yake iliyobaki hadi leo ni sarafu. Aliagiza mitambo na mafundi, akafungua kiwanda cha kupiga sarafu, na kutoka humo zikatoka fedha na shaba za namna ambayo Krimea haikuwahi kuwa nayo. Sarafu kubwa ya shaba iliitwa kyrmis. Nzito, duara safi, yenye ukubwa wa kukaribia ule wa kopeki tano za Catherine, na juu yake imechongwa tughra, ile saini ya kifalme ya kufumafuma ambayo masultani wa Osmani waliitumia, ila hii ni ya jina la Shahin Giray. Ninaiona sarafu hiyo kuwa maelezo kamili ya mtu huyu kuliko kitabu chochote: uzito na ukubwa wa Urusi, mwandiko wa Istanbul, na jina lake mwenyewe katikati, akitaka dunia iamini kwamba jina hilo linatosha.

Halikutosha. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1782 maasi yalizuka upya, na safari hii walioyaongoza walikuwa ndugu zake wa damu, Bahadir Giray na Arslan Giray. Khan alikimbilia Kerch, chini ya mizinga ya ngome ya Urusi. Vuli ilipofika, askari wa Urusi walimrudisha kwa mara nyingine. Safari hii hakuwa tena yule kijana wa mashairi. Aliwaua waasi kwa ukali uliowashtua hata waliomrudisha, na Catherine alilazimika kuingilia ili ndugu wa khan wasiuawe. Sitaki kumtetea hapo. Mtu aliyekuja na ndoto ya sheria na mishahara alimalizia kwa kulipiza kisasi, na damu hiyo ni yake, si ya Urusi.

Wakati huo Potemkin, mshauri mkuu wa Catherine katika mambo ya kusini, alimwandikia malkia kumshawishi aiunganishe Krimea na Urusi moja kwa moja. Alifananisha rasi hiyo na chunjua lililo puani: liondolewe, na mipaka ya kusini itakaa sawa. Hoja yake haikuwa kwamba Shahin amekuwa adui. Hoja yake ilikuwa kwamba uhuru wa Krimea umekuwa ghali kuulinda, na kwamba Ulaya ina shughuli nyingine kwa sasa. Mwezi Desemba malkia alikubali kwa siri. Katika miezi iliyofuata Shahin, akiwa amechoka, amebanwa na hana mtu, alijiuzulu kwa ahadi ya posho ya rubli 200,000 kwa mwaka. Tarehe 8 Aprili 1783, kwa kalenda ya zamani ya Kirusi, Catherine alitia saini tangazo la kuinyakua Krimea. Tangazo lilieleza kwamba Urusi ilikuwa imewapa Watatari uhuru, kwamba wao wameshindwa kuutumia, na kwamba gharama na damu vimemlazimu malkia kuchukua hatua. Liliwaahidi pia ulinzi wa nafsi zao, mali zao, misikiti yao na dini yao.

Katika kiangazi makabaila waliapa utii kwa malkia kwenye mwamba wa Ak-Kaya, karibu na Karasubazar. Wengi wao ni wale wale waliompinga khan kwa kuwa rafiki wa Warusi. Wanogai wa Kuban walipokataa kuhamishwa kutoka nyika zao, Suvorov aliwashambulia na kuwaua kwa wingi mwaka huo huo. Bandari mpya ya kivita, Sevastopol, ilianzishwa kabla mwaka haujaisha. Januari 1784 Waosmani walikubali yaliyotokea.

Shahin mwenyewe alikawia upande wa Taman na Kuban, akipeleka malalamiko, kisha akahamishiwa Voronezh na baadaye Kaluga, ndani kabisa ya Urusi. Mwaka 1787 aliomba ruhusa ya kwenda nchi ya Waosmani, akaipata. Nani angetaka kumzuia, ikiwa hakuwa na kazi tena? Waosmani walimpokea, wakampeleka kisiwa cha Rhodes, na huko akauawa mwaka huo huo kwa amri ya sultani, kama msaliti. Mwaka huo huo pia, mwezi Mei, Catherine alifanya ziara yake kubwa ya kusini akiwa na Mfalme Mkuu Joseph II wa Austria, akalala katika ikulu ya makhan huko Bakhchisaray.

Kuhusu ahadi za mwaka 1783, nitasema machache tu. Makabaila wengine waliingizwa katika tabaka la wakuu wa Urusi na misikiti haikufungwa kwa mara moja, lakini ardhi ilianza kugawiwa kwa wageni, na mawimbi ya Watatari yakahamia nchi za Waosmani, kubwa kuliko yote likiwa lile lililofuata Vita vya Krimea vya 1853–1856. Waliobaki walikamatwa na serikali ya Stalin Mei 1944 na kupelekwa Asia ya Kati kwa mabehewa ya mizigo, taifa zima, watoto na wazee. Mambo hayo yanastahili hotuba yake peke yake.

Nirudi kwa khan. Nimesema sikubali kumwita kibaraka, na nimeeleza kwa nini. Lakini najua kuna wanaosema kwamba Devlet Giray wa Nne, aliyetaka kurudi kwa sultani, ndiye aliyekuwa na akili, kwamba himaya ya mbali na iliyozoeleka ni bora kuliko uhuru unaolindwa na jirani wa mlangoni. Nimeipima hoja hiyo. Udhaifu wake ni kwamba sultani wa mwaka 1775 hakuweza hata kuilinda Danube yake mwenyewe, sembuse Krimea. Kwa upande mwingine, ni kweli kwamba Shahin alipata nafasi moja ya kweli, kati ya mkataba wa Aynalıkavak na maasi ya mwaka 1782, miaka mitatu ambayo jeshi la Urusi halikuwa ndani ya rasi na sultani alikuwa amekwisha kumtambua. Angeweza kuitumia kupatana na ukoo wa Shirin, kuwarudishia makabaila sehemu ya heshima yao, kuwavuta ndugu zake karibu. Aliitumia kupiga sarafu na kubana kodi. Mimi naamini hapo ndipo alipoipoteza Krimea, si mwaka 1783, na si siku ile alipokwenda St Petersburg.

Walimu waliopo hapa wanaofundisha historia ya Waosmani huenda wakaniambia kwamba makabaila wasingekubali mapatano yoyote, na kwamba ninampa lawama ambayo ni ya kwao. Ningependa kulisikia hilo likitetewa. Bwana Mwenyekiti, nakushukuru, na nakaribisha maswali.